Deni la gari lililokamatwa Marekani: ukomo wa kushtakiwa ni miaka mingapi, na unahesabiwa kuanzia lini?

Kibatari:

Wakuu salaam.

Kwenye magrupu ya diaspora kuna kauli mbili zinazunguka kila mwezi. Ya kwanza inasema gari likishavutwa na benki, deni limekwisha. Ya pili inasema deni la gari linakufa likifika miaka saba. Zote mbili si kweli, na kila moja ina namna yake ya kumponza mtu.

Gari likikamatwa linapelekwa mnadani. Bei iliyopatikana inatolewa kwenye deni, kisha zinaongezwa gharama za kulivuta, kulihifadhi na kuliuza. Kinachobaki unadaiwa wewe. Tuseme ulibakiza dola 15,400, gari likauzwa 7,200, gharama zikafika 1,050. Salio ni dola 9,250. Kulirudisha gari kwa hiari hakukuondolei salio, kunakupunguzia gharama ya kuvutwa tu.

Ile miaka saba inahusu ripoti ya kredi, yaani rekodi yako ya ukopaji. Sheria ya shirikisho inataka deni lililoshindikana liondolewe kwenye ripoti baada ya miaka saba, na hesabu inaanza siku 180 tangu ulipoanza kuchelewa. Haihusiani na mahakama. Deni linaweza kuwa limefutika kwenye kredi na bado likashtakiwa, na linaweza kuwa limepitwa na muda wa kushtakiwa huku bado linachafua kredi.

Muda wa kushtaki unapangwa na jimbo. Kwa mikataba ya maandishi ya kawaida: California, Texas na Pennsylvania miaka 4, Florida 5, Georgia, Minnesota, Washington, Massachusetts na New Jersey 6, North Carolina 3, Illinois 10. Kentucky, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wapo pale Louisville, ni 10 kwa mikataba ya baada ya Julai 2014. Ohio ilipunguza hadi 6 mwaka 2021.

Wanaojua zaidi waongeze. Wanaokuja kupiga porojo wapite kimya kimya.

---

Kanuni_Tupu:

Orodha yako ni sahihi kwa mikataba ya kawaida, mkuu, ila mikopo mingi ya magari haiangukii humo. Watu wakiisoma hivyo ilivyo watajihesabia miaka miwili ya ziada bure, au hata sita.

Karibu kila jimbo limepitisha Kanuni ya Pamoja ya Biashara, wanayoifupisha UCC. Kifungu 2-725 kinasema kesi inayotokana na mkataba wa kuuza bidhaa ifunguliwe ndani ya miaka minne. Kinaongeza kwamba wahusika wanaweza kukubaliana kuufupisha muda huo hadi mwaka mmoja, lakini hawaruhusiwi kuurefusha. Gari ni bidhaa. Ukinunua gari kwenye yadi kwa kulipa kidogo kidogo, umeingia mkataba wa mauziano ambao ndani yake mna dhamana. Yadi ndiyo iliyokuuzia na kukukopesha, halafu siku ileile au kesho yake ikauhamishia mkataba wako benki au kampuni ya fedha.

Mahakama ya Juu Kabisa ya New Jersey iliamua tangu 1966, kwenye kesi ya Associates Discount dhidi ya Palmer, kwamba kudai salio baada ya gari kuuzwa ni sehemu ya mkataba wa mauziano, kwa hiyo ni miaka minne na si sita. Mahakama za majimbo mengine kadhaa zimefuata njia hiyo, Illinois ikiwemo, na pale tofauti ni ya miaka sita nzima.

Tahadhari mbili. South Carolina na Wisconsin waliweka miaka sita kwenye kifungu hichohicho cha 2-725. Louisiana haikukipitisha kabisa, wao wana mfumo wao.

---

Mtaa_wa_Saba:

Kanuni_Tupu, hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Wapo waliokopa benki kwanza, wakapewa hundi, ndipo wakaenda kununua gari. Huyo mauziano yake na yadi yalikwisha siku alipokabidhi hundi. Anachodaiwa ni mkopo. Utamwambiaje miaka minne?

---

Kanuni_Tupu:

Simwambii miaka minne. Huyo anaangukia kwenye orodha ya Kibatari, au kama alisaini hati ya ahadi ya kulipa inayoweza kuhamishika, kifungu 3-118 cha UCC ambacho ni miaka sita. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kuhesabu chochote ni ulisaini karatasi gani.

Chukua mkataba wenyewe, usiangalie barua za wadai. Ukurasa wa kwanza juu kabisa pana sehemu ya muuzaji na mkopeshaji. Ukikuta jina la yadi ndilo limeandikwa kama mkopeshaji, na chini au nyuma pana mstari unaosema mkataba unahamishiwa kampuni fulani ya fedha, huo ni wa mauziano. Ukikuta jina la benki au la zile sakosi zao tangu mwanzo, na yadi haitajwi kama upande wa mkataba, huo ni mkopo wa moja kwa moja.

Barua za wadai zitaandika "mkopo" kwa vyovyote vile. Neno lao halibadilishi aina ya karatasi uliyosaini.

Kama mkataba umepotea, mdai analazimika kuuleta akishtaki. Kampuni nyingi zinazonunua madeni mabovu kwa bei ya chee hununua safu ya namba kwenye kompyuta, na mkataba wenyewe huwa hawana mpaka wauombe kwa benki.

---

BintiLamu:

Asanteni. Swali langu ni la pili kwenye kichwa cha uzi: saa inaanza kugonga lini? Nimeona watu wanahesabu tangu siku gari lilipochukuliwa, wengine tangu malipo ya mwisho, wengine tangu mnada. Kati ya hizo panaweza kupita miezi mitano, na miezi mitano inatosha kuokoa au kuzamisha kesi.

---

Kibatari:

Dada, hapo ndipo mawakili wanapotoleana jasho. Kimsingi saa inaanza siku mkataba ulipovunjwa, yaani ile tarehe ya malipo uliyoikosa kwanza na hukuiziba. Malipo ya mwisho yanakusaidia kuijua tarehe hiyo, ila si tarehe yenyewe. Ukilipa Februari 3 na awamu inayofuata ni Machi 3, uvunjaji ni Machi 3.

Kwa mikataba ya awamu kuna tabaka jingine. Majimbo mengi yanachukulia kila awamu iliyokosekana kuwa na saa yake, mpaka siku mdai alipotumia haki yake ya kudai deni lote kwa mpigo. Siku hiyo awamu zote zilizobaki zinakuwa zimeiva na saa yao inaanza pamoja. Barua ya kudai deni lote ndiyo ushahidi wake. Isipokuwepo, kuna mahakama zinazotazama tarehe ya kukamatwa gari, kwa hoja kwamba huwezi kulichukua gari huku unasema awamu bado zinaendelea. Na kuna majimbo ambako mdai atashikilia kwamba salio halikujulikana mpaka mnada, kwa hiyo saa ianze siku ya mnada.

Ushauri: piga hesabu kwa tarehe iliyo mbaya kwako. Ukipita hata kwa hiyo, umesimama pazuri.

Mfano wa New Jersey, mkataba wa yadi wa Mei 2019:
- malipo ya mwisho: Februari 3, 2021
- awamu iliyokosekana: Machi 3, 2021
- gari kuvutwa: Mei 20, 2021
- mnada: Juni 30, 2021
- kesi kufunguliwa: Oktoba 14, 2025

Miaka minne tangu mnada iliisha Juni 30, 2025. Kesi imechelewa kwa hesabu yoyote. Ila kama hiyohiyo ingekuwa karatasi ya benki moja kwa moja, miaka sita ingekwenda hadi 2027 na mdai angekuwa ndani ya muda.

---

Mtaa_wa_Saba:

Nyongeza ya korona, maana mikopo ya 2017 hadi 2020 bado inazunguka mikononi mwa wanunuzi wa madeni. Majimbo kadhaa yalisimamisha saa. New York ilisimama kuanzia Machi 20 hadi Novemba 3, 2020, siku 228. California ilisimamisha kuanzia Aprili 6 hadi Oktoba 1, 2020 kwa kesi zenye ukomo unaozidi siku 180. Saa yako ikiwa ilishaanza kabla ya hapo, ongeza siku hizo mwishoni. Wapo waliojiona wamepita kwa miezi mitatu kumbe bado miezi minne.

New York pia ilibadilisha sheria: tangu Aprili 7, 2022 mikopo ya walaji ina ukomo wa miaka mitatu, na ukishapita, malipo au maandishi yoyote hayaufufui.

---

Dagaa_wa_Kigoma:

Hilo la kufufua lielezwe vizuri tafadhali. Wakusanya madeni wana mtindo wa kupiga simu na kusema "weka hata dola 25 kuonyesha nia njema".

---

Kanuni_Tupu:

Dola 25 hizo ni mtego wa kawaida. Katika majimbo mengi malipo ya sehemu, au barua yenye saini yako inayokiri deni, huirudisha saa kwenye sifuri. Kuna majimbo yanayoruhusu hilo hata ukomo ukiwa umeshapita. Yapo yanayotaka maandishi yenye saini, na malipo matupu hayatoshi. Texas tangu 2019 mnunuzi wa madeni hawezi kuufufua ukomo uliopita kwa sababu ya malipo.

Kwa hiyo kabla hujajua uko upande gani wa mstari: usilipe, usiahidi, usisaini mpango wa malipo, usitoe namba ya akaunti. Kwenye simu sema neno moja tu, "nitumie kwa maandishi." Tangu Novemba 30, 2021 Kanuni F ya CFPB, wakala wa shirikisho wa kulinda walaji kwenye mambo ya fedha, inamkataza mkusanya madeni kushtaki au kutishia kushtaki kwa deni lililopitwa na muda, hata kama hakujua kwamba limepitwa. Akivunja una mwaka mmoja wa kumshtaki chini ya FDCPA, sheria ya shirikisho ya ukusanyaji madeni. Kanuni hiyo inawabana wakusanyaji na wanunuzi wa madeni. Benki iliyokukopesha, ikijidaia yenyewe, haiguswi nayo.

Ukipata barua yao ya kwanza, una siku 30 za kupinga deni kwa maandishi. Tuma kwa posta ya kusainiwa, weka nakala. Andika "napinga deni hili, naomba uthibitisho," basi. Ukiandika "najua nilibakiza kidogo lakini..." umeshakiri kwa mkono wako.

Na kukataa kulipa deni lililopitwa si utapeli. Katika majimbo mengi deni bado lipo, wanaweza kuendelea kukuomba, ila mlango wa mahakama umefungwa. Wisconsin na Mississippi zimekwenda mbali zaidi: ukomo ukipita, deni lenyewe limekufa.

---

BintiLamu:

Na akishtaki hivyo hivyo? Hakimu si ataona tarehe mwenyewe?

---

Kibatari:

Hataona, dada, na hana wajibu wa kutazama. Ukomo ni utetezi ambao lazima mdaiwa autaje mwenyewe kwenye majibu yake ya maandishi. Usipoutaja umeupoteza. Usipojibu kabisa, inatoka hukumu ya upande mmoja, na deni lililokuwa limekufa linageuka kuwa hukumu hai. New Jersey hukumu inaishi miaka 20. Texas na California miaka 10, na inaweza kuhuishwa.

Baada ya hapo ni mshahara. Sheria ya shirikisho inaweka kikomo cha asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya kisheria, au kiasi kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, kilicho kidogo kati ya hivyo. Majimbo mengine yanalinda zaidi, na Texas hairuhusu kabisa kukata mshahara kwa deni la aina hii, lakini akaunti ya benki wanaifikia.

Siku za kujibu baada ya kukabidhiwa wito:
- Texas, mahakama ndogo ya madai yasiyozidi dola 20,000: siku 14
- Washington: 20
- Minnesota: 21
- Ohio: 28
- Georgia: 30
- New Jersey: 35

Majibu hayahitaji maneno mazito. Kataa usiyoyajua, kisha chini ya sehemu ya utetezi andika kwamba madai yamepitwa na muda, utaje kifungu cha jimbo lako, tarehe ya uvunjaji na tarehe kesi ilipofunguliwa. Mahakama nyingi zina fomu bure dirishani au kwenye tovuti. Peleka mahakamani, mpe na wakili wa mdai nakala. Ada ya kujibu ipo katika majimbo mengine, na wenye kipato kidogo huomba msamaha wake kwa fomu nyingine.

---

Shemeji_wa_Tacoma:

Minnesota na Washington zina kitu kinachowachanganya watu wetu. Kule kesi inaweza kuanza kwa kukabidhiwa karatasi tu, kabla haijasajiliwa mahakamani, ingawa Washington tangu 2019 wakala wa kukusanya madeni lazima aisajili kwanza. Mtu anapokea karatasi zisizo na namba ya kesi, anapiga simu mahakamani, anaambiwa hakuna kesi kwa jina lake, anazitupa. Siku za kujibu zinakwisha, mdai anasajili na kuomba hukumu siku hiyohiyo. Karatasi isiyo na namba ya kesi katika majimbo hayo ijibu, mpelekee wakili wa mdai, na ubaki na ushahidi kwamba ulimpelekea.

Pia usihesabu ukomo kwa tarehe ya kusajili ikiwa kesi yako ni ya Minnesota. Kinachotazamwa ni siku uliyokabidhiwa.

---

Mtaa_wa_Saba:

Wote mmekazania ukomo. Je, aliye ndani ya muda bado, miaka miwili tu tangu mnada? Huyo naye asikate tamaa, maana salio lenyewe mara nyingi lina matundu.

UCC sehemu ya 9 inamtaka mdai akutumie taarifa kabla ya kuuza gari la matumizi binafsi, na kifungu 9-614 kinaorodhesha yanayotakiwa kuwemo: gari gani, litauzwa kwa mnada wa wazi au kwa mauzo ya faragha, siku na mahali pa mnada au tarehe ambayo baada yake litauzwa, kama utadaiwa salio, haki ya kupewa mchanganuo wa deni, na namba ya simu ya kuulizia kiasi cha kulikomboa gari. Kisha mauzo yafanyike kwa njia inayokubalika kibiashara. Na anapodai salio kwa maandishi mara ya kwanza, akupe hesabu yake, au akupe ndani ya siku 14 tangu uiombe.

Hivyo omba: taarifa ya mauzo na ushahidi ilitumwa anwani gani, risiti ya mnada, orodha ya malipo yako yote, na mlolongo wa nani alimuuzia nani deni. Angalia pia kama walirudisha riba ambayo haijaiva na bima ulizokatiwa yadini. Bima ile ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari, na mkataba wa matengenezo, vikifutwa kabla ya muda huwa na kiasi kinachorudi, na kiasi hicho kilitakiwa kupunguza salio. Hapa ndipo hesabu zao hukosewa mara nyingi.

Taarifa ikiwa na kasoro, baadhi ya majimbo yanamnyima mdai salio lote. Zaidi ya hapo kifungu 9-625 kinatoa fidia ya chini kwa gari la mlaji: riba yote ya mkataba jumlisha asilimia 10 ya kiasi ulichokopa. Kwa mkopo wa 18,000 wenye riba ya 6,300, ni 6,300 jumlisha 1,800, dola 8,100. Weka hiyo mbele ya lile salio la 9,250 la Kibatari, inabaki 1,150. Ndiyo sababu mawakili wa wadai hulegea wakiona kifungu hicho kimetajwa kwenye majibu.

---

Dagaa_wa_Kigoma:

Nzito hiyo. La mwisho kutoka kwangu: aliyeacha deni kule akarudi Nairobi au Dar, saa yake inaendelea kugonga?

---

Kanuni_Tupu:

Inategemea jimbo. Texas na Ohio, kwa mfano, zina sheria zinazosema saa husimama mdaiwa akiwa nje ya jimbo. Mahakama zimeipunguza makali pale ambapo mdaiwa bado anaweza kufikishiwa wito akiwa mbali, ila usiitegemee miaka uliyokaa nyumbani kana kwamba imehesabika yote. Ukirudi Marekani, jambo la kwanza ni kutafuta jina lako kwenye rekodi za mahakama za kaunti ulikoishi. Kama hukumu ilitoka na wito ulipelekwa kwenye nyumba uliyokwisha kuhama, omba itenguliwe, na uombe upesi, kwa kuwa majimbo mengi huweka mwaka mmoja kwa sababu za kawaida.

Upande wa Kenya, sheria ya kukazia hukumu za nje kwa makubaliano ya nchi mbili ina orodha ya nchi, zikiwemo Uingereza, Tanzania, Uganda na Rwanda. Marekani haimo. Mwenye hukumu ya New Jersey hawezi kuisajili tu kwenye mahakama ya Milimani, Nairobi. Itabidi afungue shauri jipya, na kwa dola 9,250 wachache watajisumbua.

---

BintiLamu:

Na ile fomu ya 1099-C? Mtu kaipata Januari, akadhani kasamehewa.

---

Kibatari:

Fomu hiyo mdai huiwasilisha kwa mamlaka ya kodi anapoliandika deni la dola 600 au zaidi kuwa limefutwa. Kwako inaingia kama kipato cha mwaka huo, kwa hiyo usiipuuze. Kama madeni yako yote yalizidi mali zako wakati huo, jaza fomu 982 ili kiasi hicho kisitozwe kodi, au kitozwe kwa sehemu tu. Mahakama hazikubaliani kama 1099-C peke yake inafuta deni, lakini mtu akikushtaki kwa deni hilohilo baada ya kuitoa, iambatanishe kwenye majibu yako.

Tofautisha na benki kulitoa deni kwenye vitabu vyake. Kwa mikopo ya awamu hufanya hivyo ukichelewa siku 120. Hayo ni mahesabu yao ya ndani, deni linabaki na mara nyingi ndipo linapouzwa.